Zulia la Sabla Nililifuata Ubelgiji

Ukimsikia mtu wa Ibra anasifia zulia lake, muulize kalinunua kwa nani. Akikutajia mtu mwingine, si mimi, basi zulia hilo si zuri, kalizoea tu. Nayasema haya bila ya kuona haya. Haya ingekuwa inalisha, mahamali wote wa soko la Sur wangekuwa matajiri.

Na mimi nilikuwa hamali wa soko la Sur, sifichi. Nilitoka Unguja na mama yangu kuja Omani, ndevu ndiyo kwanza zinachipuka, wakanitia darasani pamoja na watoto wadogo kwa kuwa sikujua kusoma Kiarabu. Magoti yangu hayakuenea chini ya meza. Nilivumilia nilichovumilia, kisha nikaenda zangu sokoni kubeba mazulia begani. Baadaye nikapata pikapu kuukuu, nikawa nauza mlango kwa mlango: Jalan Bani Bu Hassan asubuhi, Jalan Bani Bu Ali alasiri, na nikipata nafasi nafika mpaka Tiwi. Leo nina duka Ibra lenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe mtu akikaribia. Wazee wengine huja kuukaribia tu, wakacheka, wakaondoka.

Kitabu sikusoma. Nimesoma migongo. Lipindue zulia lolote mbele yangu, nifunge kitambaa machoni ukitaka, nikipitisha dole gumba mgongoni pake nitakwambia limefumwa au limebandikwa, na gundi yake ni ya kukaa miaka au ya kukauka ikamwagika kama unga. Uso wa zulia unaweza kusema uongo kama uso wa bwana harusi. Mgongo hauwezi.

Miaka yote hiyo nikinunua kwa muuzaji wa jumla wa Dubai, mtu mcheshi, wa chai na biskuti. Na kila zulia lililonipendeza mgongo lilikuwa na kitambaa kidogo kimeshonwa pembeni, kina maandishi nisiyoyajua. Siku moja mke wangu alipita dukani, akakisoma kile kitambaa kama anasoma bei ya nyanya.

"Limetoka Ubelgiji hili."

"Umejuaje?"

"Si kimeandikwa Kifaransa, bwana. Na Wabelgiji mimi nawajua. Walikuwa kwetu."

Kwao ni Bujumbura. Ni Mwomani kama mimi, kwa kabila na ukoo, lakini babu yake alikwenda kufungua duka Burundi, na yeye akasomeshwa na masista. Kiswahili chake cha bara kinanichekesha mpaka leo, na changu cha Unguja kinamchekesha yeye, lakini Kifaransa chake hakuna anayekicheka. Siku ile nilimtazama kama mtu aliyekuwa na kisima uani huku anakwenda kununua maji kwa jirani.

Maneno hayo yangebaki maneno, lau si sabla.

Mtaa wetu ulijenga sabla mpya. Kwa asiyejua, sabla ni ukumbi wa wanaume wa mtaa mzima: huko ndiko tunakopokea rambirambi, tunakofunga ndoa, tunakopatanisha waliogombana, tunakopeana mkono wa Idi. Ni chumba kirefu. Watu hukaa chini, mgongo ukutani, safu mbili zinazotazamana, na katikati hupita sinia za fuala, yaani tende, halua na matunda, na anapita mgawa kahawa na birika lake. Hakuna viti. Kilichopo ni zulia. Mwenye kulitia zulia lile, kila mtu wa mtaa ataishi juu ya kazi yake, katika furaha na katika msiba, mpaka wajukuu. Nililitaka lile zulia kama kijana anavyotaka mke.

Wazee walikuwa na sharti moja: lisiwe na kiungo. Katika sabla ya zamani zulia lilikuwa vipande viwili, na pale vilipokutana paliinuka kidogo, kiasi cha ukucha. Mgawa kahawa wetu, mtu hodari, alikitia kidole cha mguu pale siku ya harusi, na kahawa ya moto ikamwangukia mgeni mapajani. Mgeni mwenyewe alikuwa baba wa bibi harusi. Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, lakini mtaa mzima wa pili wanatukumbusha mpaka leo kila tukiwakaribisha kahawa: "Tuinue miguu?"

Sasa hapo ndipo penye shida. Rola la kawaida la zulia lina upana wa mita nne, na sabla mpya ilipita hapo kwa dhiraa mbili nzima. Nikampigia wa Dubai. Akasema hayapo mapana hivyo, duniani hayapo. Nilipomwuliza mara ya pili akaniuliza habari za watoto.

Siku ya kikao cha wazee nilikuta mwenzangu wa Nizwa kaalikwa. Huyu ana duka kubwa kuliko langu, nalikubali hilo, kubwa kwa nafasi. Wazee wake walitoka Tabora, kwa hiyo Kiswahili chake ni chepesi na ulimi wake ni mwepesi zaidi. Yeye alikuja na mafundi wake, akasema ataleta vipande viwili na kuvishona, mtu asione.

"Mtu asione kwa macho," nikasema, "na kidole cha mguu je?"

"Wewe unalo la kipande kimoja?" akaniuliza.

"Ninalo."

"Liko wapi?"

"Kiwandani."

"Kiwanda gani, yakhi? Cha Dubai?"

"Ulaya," nikasema. "Nakwenda mwenyewe."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Mkubwa wa mtaa wetu, ambaye sote twamwita Ami, hakucheka. Ami kazaliwa Ng'ambo, Unguja. Kikaoni husema Kiarabu, lakini akitaka kumkaripia mmoja wetu wengine wasifahamu, hugeukia Kiswahili. Kwa bahati mbaya siku ile tuliokuwa karibu naye sote twakifahamu.

"Wewe kijana," akaniambia, na mimi nina mvi, "maneno yako yana mabawa. Haya, nenda. Ukileta la kipande kimoja kabla ya Idi na likatupendeza, kazi ni yako. Ukirudi mikono mitupu, namwita huyu wa Nizwa, na wewe utakaa juu ya zulia lake kila Idi mpaka ufe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Sikulala kwa furaha.

Mke wangu ndiye aliyetafuta viwanda kwenye simu. Mimi nilikaa ubavuni nikitoa amri.

"Huyu ana picha nyingi," akasema.

"Picha za nini?"

"Za sebule. Za makochi. Za mwanamke anakunywa chai."

"Mtambo uko wapi?"

"Mtambo hauonekani."

"Muweke pembeni, lakini tutamwona. Nataka nimjue muongo alivyo kwa karibu."

Tulifika Ubelgiji inanyesha mvua nyembamba, ya kama mtu anapuliza nguo kabla ya kupiga pasi. Mke wangu kavaa koti kubwa juu ya abaya, na kwenye uwanja wa ndege alimsemesha yule askari wa pasi Kifaransa mpaka askari akaniuliza mimi, kwa ishara, kama kweli ni mke wangu. Nikamwambia ndiyo, kwa ishara pia, na kwa kifua.

Wa kwanza alikuwa yule wa picha za sebule. Jumba la vioo, kapeti nzuri, kijana nadhifu na kahawa katika kikombe kikubwa kama bakuli la uji. Alisema wao ni watengenezaji tangu zamani za babu yake. Kila nilichokiuliza, jibu ni ndiyo. Mita tano? Ndiyo. Kipande kimoja? Ndiyo. Kabla ya Idi? Ndiyo, na ndiyo, na kahawa nyingine.

Mimi nilikuwa namtazama nyusi. Mtu aliyekulia kiwanda cha mazulia hawezi kuwa na nyusi safi. Vumbi la nyuzi ni kama unga wa kinu, linaingia nyweleni, masikioni, kwenye mishono ya viatu. Nilibeba mazulia miaka, najua: mama yangu alikuwa ananipangusa kila jioni kama anapangusa rafu. Huyu kijana nyusi zake zilimetameta.

"Mwambie nataka kusikia mtambo," nikamwambia mke wangu.

Wakasemezana. "Anasema mtambo uko mji mwingine, na leo umefungwa."

"Mwambie basi anionyeshe mtu mmoja tu anayefanya kazi hapo."

Kijana akacheka, akatupa kitabu cha picha. Yule ni muuzaji wa jumla, si mtengenezaji, na si kosa kuwa muuzaji wa jumla. Kosa ni kuvaa kanzu ya mwenzako. Tukatoka. Nje mke wangu akasema, "Angalau kahawa yake ilikuwa tamu." Nikamwambia yule wa Dubai naye ana biskuti.

Wa pili alikuwa na mtambo, tena si mtambo, ni mji. Wallahi nilitamani kulia. Safu za mashine zinanguruma, nyuzi maelfu zinashuka kutoka juu kama mvua iliyochanwa kwa kitana, na zulia linatoka chini polepole, lenyewe, bado lina joto. Niliweka kiganja changu juu yake likiwa linazaliwa. Miaka yote nimebeba maiti zake tu, siku ile nikalikuta hai! Mke wangu alinivuta mkono maana nilikuwa nataka kuingia nyuma ya mtambo kutazama mgongo.

Lakini wale walikuwa wakubwa mno. Bwana mmoja mstaarabu sana akatueleza kwamba mitambo yao yote ni ya mita nne, na hata hiyo hawaiwashi kwa mteja wa sabla moja. Kwake mteja ni meli. Niliheshimu. Alisema hapana kwa adabu, na tulipoaga nikamwuliza, kupitia kwa mke wangu, swali ambalo nawafundisha bure vijana wote wanaotaka kufanya biashara: "Ungekuwa mimi, ungekwenda kwa nani?" Muuzaji atakujibu "kwangu." Fundi atakutajia fundi mwenzake. Yule bwana akafikiri, akachukua kalamu.

Alipotutuma palikuwa shambani, ng'ombe upande huu na kiwanda cha matofali mekundu upande ule. Mwenye kiwanda ni mama mtu mzima, kamzidi mke wangu umri, kavaa koti la kazi. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nikadhani ni uzee. Akajipangusa kwa mgongo wa mkono, zikawa nyeusi.

"Ndiye," nikasema.

"Hata hajafungua mdomo!"

"Ndiye, mama watoto. Mwamkie."

Mtambo wake mpana ulikuwa mmoja tu, wa mita tano na ushei, wa kufumia makapeti ya hoteli. Niliupima kwa dhiraa zangu kutoka mwanzo mpaka mwisho, mafundi wamesimama wanamtazama Mwarabu mwenye kilemba anatembea kwa mikono kama kaa. Ukaenea! Sabla yetu iliingia mle ndani na nafasi ikabaki. Nililipindua zulia lililokuwa karibu, nikapitisha dole gumba. Gundi nzuri, mfumo wa kubana, mgongo kama wa ng'ombe wa maziwa. Nikamwambia mke wangu amwambie yule mama kwamba mimi nimegusa migongo mingi kuliko daktari. Alimwambia jambo fulani. Yule mama alicheka sana, na mpaka leo sijui alimwambia nini.

Kisha akatupeleka kwenye chumba cha michoro. Na ukutani, kutoka juu mpaka sakafuni, limetundikwa zulia moja la rangi ya komamanga, lina safu ya miti. Miti mikubwa, mizizi kwenye ukingo wa chini, matawi yenye matunda yanafika ukingo wa juu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilisimama na viatu vyangu, mikono kiunoni, nikasema, "Khalas. Hili." Yule mama akasema mchoro huo uko tayari, na mtambo mpana una nafasi wiki ile ile, kabla ya oda ya hoteli moja kubwa. Nikitoa neno leo, zulia litafika kabla ya Idi.

Nikatoa neno. Tukapeana mikono. Nikapiga picha, nikaitia kwenye kikundi cha simu cha mtaa, na hapo hapo majibu yakamiminika: mashaallah, tabarakallah, Ami mwenyewe akatuma sauti, "Tumeridhika, kijana. Lilete." Nilimpa mke wangu simu asikilize mara mbili. Kazi nilikuwa nimeipata. Nilikuwa juu, juu kabisa.

Wakatuletea kahawa. Mafundi wakalishusha lile zulia ukutani, wakalitandaza sakafuni ili yule mama atuonyeshe ukingo utakavyoshonwa. Sasa mimi sijui kunywa kahawa nimesimama. Kahawa ya kusimama ni ya mtu anayefukuzwa. Nikavua viatu, nikakaa chini ukingoni, mgongo ukutani, kama niko sabla. Nikamwambia mke wangu, "Nawe kaa kule ng'ambo, tuone raha yake."

Mke wangu husema ni yeye aliyegundua. Sawa. Lakini nani aliyemwambia akae kule?

Akakaa. Akatazama mbele yake, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia.

"Baba watoto, kwako miti inaonekanaje?"

"Imesimama. Mizizi hapa miguuni kwangu, matunda kule kwako."

"Kwangu mimi imeanguka kichwa chini."

Finjani ilinisimama mkononi. Maana mtu wa meza na viti hawezi kuona ubaya wake: yeye anapita juu ya zulia na viatu, anakwenda zake. Lakini sisi tunaishi mle. Safu hii wakae kwenye mizizi, waone bustani imesimama. Safu ile wakae kwenye matawi, waone bustani imepinduliwa. Na katika sabla safu moja ni wenyeji na safu ya pili ni wageni! Ukiwapa wageni upande uliopinduka umewavunjia heshima. Ukijipa wewe, watasema watu wa mtaa ule wamekubali kuwa chini. Na siku ya kuwapatanisha waliogombana, nani atakaa wapi? Ungezuka ugomvi juu ya zulia kabla hata hawajafika kwenye ugomvi waliokuja nao. Sabla haina upande wa juu na upande wa chini. Ndiyo maana yake yote. Na mimi, niliyezaliwa na kukua nimekaa chini, nilikuwa nimelichagua nimesimama, nimevaa viatu, limetundikwa ukutani kama picha!

Mke wangu akamweleza yule mama. Nilimtazama usoni nikingoja, maana hapa ndipo unapomjua mtu. Neno nilishatoa, mkono nilishampa. Angeweza kusema, mchoro ni huo na mtambo unangoja. Yule wa jumba la vioo angeniambia, ndiyo, ndiyo, hakuna atakayeona.

Yeye alivua viatu vyake. Akashika bega la mke wangu, magoti yakalia, akakaa chini upande wa matawi. Akatazama. Kisha akasema jambo fupi.

"Anasemaje?"

"Anasema hili yeye halifumi."

"Halifumi vipi?"

"Anasema miaka yote anauza mazulia na hakuwahi kukaa juu ya moja kama mgeni. Halifumi. Anasema tulichore upya."

Hapo nilimpenda yule mama kama shangazi yangu. Mtengenezaji anayekwambia hapana ana mtambo. Anayekwambia ndiyo kwa kila kitu ana kitabu cha picha tu. Liandikeni hilo.

Tukalichora pale pale, sote watatu chini, na mchoraji wake kalala kifudifudi na kompyuta. Mizizi ya kila upande ianzie ukutani, miguuni pa waliokaa. Matawi yainuke kutoka pande zote mbili na yakutane katikati, pale zinapowekwa sinia. Kila atakayekaa, popote atakapokaa, mti wake umesimama na matunda yanamfikia mwenzake wa ng'ambo. Mchoraji alipogeuza nusu moja kama kwenye kioo na miti ikapeana matawi, mke wangu alipiga kigelegele. Ng'ombe wakainua vichwa nje.

Kisha yule mama akasema la pili. Kuchora upya na kufanya jaribio kutachukua muda, na nafasi ya mtambo itakuwa imepita. Hoteli itatangulia. Zulia halitafika kabla ya Idi.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mbele yangu. Kazi niliyokwisha kuipata, kwa zulia la makosa. Au zulia la haki, na kazi huenda ikaenda Nizwa, maana yule anaweza kutandaza vipande vyake viwili kwa siku moja. Mke wangu alinitazama, hakusema kitu. Akisema kitu nafanya kinyume, analijua hilo.

Nikampigia Ami.

"Ami, shikamoo. Lile zulia mliloliridhia, mimi sikuliridhia."

"Marahaba. Umekunywa nini huko?"

"Kahawa. Nimekaa juu yake, Ami. Nimekaa upande huu na mama watoto kakaa upande ule. Kwake miti imesimama kwa vichwa."

Nikasikia anawaambia wengine kwa Kiarabu. Alikuwa sablani, na kwa bahati yangu mbaya wa Nizwa alikuwapo, maana nilisikia kicheko ninachokijua na sauti ikisema, "Mwambieni arudi, mimi nina la maua madogo madogo, halina kichwa wala miguu!"

"Na lina kiungo!" nikapiga kelele simuni. Wafumaji wakageuka.

"Punguza sauti, sikio ni langu," akasema Ami. "Hilo jengine litafika lini?"

"Baada ya Idi."

"Na Idi tukae juu ya nini? Juu ya saruji, na wageni wanakuja?"

"Mikeka, Ami."

"Mikeka!"

"Mikeka ya ukindu. Uliyokalia wewe Ng'ambo, niliyokalia mimi. Ilikudhuru nini?"

Akaendelea kwa Kiswahili kile anachokitumia kwa kukaripia, lakini sauti haikuwa ya kukaripia.

"Sikiliza. Baba yangu alikuwa akisema ukitaka kumjua mtu, mtazame anapokaa, si anaposimama. Mikeka tutaitafuta. Lakini likija lina kiungo, au lina kichwa na miguu, usije nalo. Lifikishe Muscat, ulitupe baharini, na wewe ulifuate."

"Inshaallah, Ami."

"Na mke wako mshukuru."

Sikumweleza Ami kwamba mimi ndiye niliyemkalisha.

Idi ile tulikaa kwenye mikeka, na vijana wetu waliona raha, wakapiga picha, wakasema ni turathi. Wa Nizwa alikuja kutupa mkono wa Idi. Akaipapasa mikeka akaniuliza kama ndiyo ya Ubelgiji. Watu walicheka. Nikacheka na mimi, wa mwisho kunyamaza.

Zulia likafika bandari ya Sohar, likaja Ibra juu ya lori refu, na lori halikuweza kupinda kuingia mtaani kwetu. Basi wanaume wa mtaa mzima wakatoka. Walimu, askari, wenye maofisi, kila mtu akakunja kanzu, wakaliweka begani, mimi mbele, hamali wa zamani, nikiwaonyesha namna ya kuhema. Tulipita kando ya mfereji wa maji chini ya mitende tukiimba kama tunapeleka bwana harusi. Tukalitandaza. Likajaa kutoka ukuta mpaka ukuta, kipande kimoja, halina hata ukucha wa kuinuka.

Ami aliingia wa kwanza. Akasimama mlangoni na fimbo yake, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaenda akakaa kulia. Akatazama. Akainuka, watu wawili wakimshika, akavuka, akakaa kushoto. Akatazama. Kisha akapiga kiganja juu ya zulia, ubavuni pake, mara moja, kuniita nikae.

Kutoka siku ile nimeshaagiziwa na sabla nyingine, moja ya Jalan Bani Bu Ali, nyingine karibu na Sur, na wote wanataka kukaa kwanza ndipo waseme. Na wiki iliyopita simu ikalia, ni yule wa Nizwa, sauti tamu kama halua, ananiuliza hali, ananiuliza watoto, ananiuliza mvua ya Ulaya. Mwisho akatoa lililomleta.

"Yakhi, kile kiwanda chako kinaitwaje? Nina mteja ana sabla pana."

"Kitafute," nikamwambia. "Tazama nyusi."

"Nyusi? Nyusi gani?"

Nikamtakia usiku mwema. Ndiyo maana hata humu sikuandika jina la mji wala la yule mama, na mke wangu nimemwapisha asimwambie mtu.